Wanakanda mshipa gani?

"Mzee mishipa imekaza, mkandeni itaachia." Kauli hii husemwa kuhusu mzee mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili. Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwa mtu aliyeshika chupa ya mafuta ya nazi na mikono ya shati ameshaikunja.

Masaji ni kukanda, kuchua na kubonyeza misuli ili ilegee. Kwa mwenye Parkinson kazi yake ni hiyohiyo: kupunguza kukakamaa, maumivu ya bega na mgongo, wasiwasi, na pengine usingizi ukaja vizuri. Basi.

Tabu iko kwenye hiyo "mishipa". Neno hili tumelitwisha kila kitu. Damu ina mishipa, fahamu ina mishipa, ngiri ni mshipa, kano ya kisigino ikiuma ni mshipa, na asiyeona haya hana mshipa wa aibu. Mvuvi naye ana mshipi wake wa kuvulia. Sitashangaa kama maneno hayo mawili ni ndugu. Ndiyo maana mtu akiambiwa mishipa imekaza, picha inayomjia ni ya kamba yenye fundo, na fundo dawa yake vidole.

Sasa, kinachokaza hapa ni misuli, tena kwa sababu iliyo mbali nayo: seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa polepole. Kunja mkono wa mzee taratibu kwenye kiwiko uone. Unaachia kidogo, unakwama, unaachia tena, kama gurudumu la meno. Mkono wenyewe mzima. Hata James Parkinson, daktari wa London, aliteleza kwenye jina: mwaka 1817 aliuita ugonjwa huu kupooza kwa kutetemeka. Daktari Charcot wa Ufaransa ndiye aliyelikataa jina hilo akaupa la Parkinson, kwa kuwa wagonjwa hawa hawajapooza, na wengine hawatetemeki.

Mkandeni mzee, anafurahia. Mkono uwe mwepesi, iwe saa ambayo dawa imeshamkolea, na mkimaliza akae kwanza ukingoni mwa kitanda, maana presha yao hupenda kushuka wakisimama ghafla. Ila mtu akiuliza mnafanya nini, semeni mnamlegeza misuli. Akisikia mnafungua mishipa ya fahamu, swali lake la pili litakuwa kwa nini mzee bado anameza levodopa, dawa ya kufidia dopamini iliyopungua.