Mnara wa Saa wa Arusha si katikati ya Cape Town na Cairo

Simama kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa, Arusha, hata dakika tano hazitaisha kabla kijana muuza picha hajakwambia: "Hapa ndipo katikati kabisa ya Cape Town na Cairo." Wenyeji nao huapa hivyo hivyo.

Ramani inakataa. Ukivuta mstari ulionyooka kati ya majiji hayo, katikati yake inaangukia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kaskazini magharibi mwa mji wa Kindu, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Arusha. Mstari wenyewe haukaribii hata Tanzania.

Ila uvumi huu haukuzuka hewani. Kwa umbali wa ndege, Arusha hadi Cairo ni kama kilomita 3,760, na hadi Cape Town karibu 3,890. Tofauti ndogo, nakiri. Tena barabara kuu ya zama za ukoloni, iliyotajwa kama njia ya Cape hadi Cairo, ilipita Arusha ikielekea Dodoma, Iringa na Mbeya. Kwa barabara, "katikati" huhama kila ukibadili njia: kupitia Sudan ni hesabu moja, kuikwepa ni nyingine.