PPD ni nini, na kwa nini uiangalie kabla hujanunua VR ya kurushia ndege nyumbani

Mtu akitaka kununua VR yake ya kwanza, yaani miwani ya kuvaa usoni inayokuweka ndani ya picha, kwa ajili ya simuleta ya ndege (programu ya kurushia ndege kwenye kompyuta), swali la kwanza huwa ni "ipi ina rezolusheni kubwa?" Anaanza kulinganisha namba za kwenye boksi, hii 1832 kwa 1920, ile 2064 kwa 2208, nyingine 2880 kwa 2880, kichwa kinauma, mwishowe anachukua ile ambayo mfuko wake unafika. Sio vibaya, ila namba zile hazimjibu kitu anachotaka kujua rubani wa sebuleni, yaani nikishakaa ndani ya kokpiti ya Cessna, geji zitasomeka au nitakuwa nainamia dashibodi kila dakika?

Namba inayojibu hilo ni PPD, yaani pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) kwa digrii.

Digrii hapa ni zile zile za protrakta ya shuleni. Duara zima ni digrii 360, na ukinyoosha mkono mbele ukaangalia kidole chako kidogo cha mwisho, upana wake unachukua digrii moja hivi. PPD inakuambia tu kwamba ukiwa umevaa miwani, kwenye ule upana wa kidole zimepangwa pikseli ngapi kutoka kushoto kwenda kulia. Zikiwa 10 unaona madoadoa. Zikiwa 60, macho mazima ya kawaida, yale ambayo daktari anayaandika 6/6, hayana tena cha kulalamika kwa sababu ndio mwisho wa uwezo wake wa kutenganisha vitu vidogo. Miwani nyingi ambazo mtu wa kawaida anaweza kufikiria kununua ziko kati ya 20 na 35, kwa hiyo jua mapema kabisa kwamba bado tuko mbali na kuona kama unavyoona kwa macho matupu.

Sasa kwa nini rezolusheni peke yake inadanganya? Kwa sababu pikseli zinatandazwa. Donge la unga ni lile lile, ukisukuma chapati pana inakuwa nyembamba, na kazi ya VR ndiyo hiyo hiyo, kutandaza picha mpaka ifike pembeni ya macho yako ujione uko ndani. Piga hesabu ya monita ya kawaida tu uone, ile ya ofisini ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, upana wake unachukua kama digrii 48 za macho yako. 1920 gawa kwa 48, unapata 40. Quest 3, miwani ya VR ya kampuni ya Meta yenye pikseli 2064 za upana kwa kila jicho, Meta wenyewe wanaitaja kuwa na PPD 25. Yaani monita ya bei chee, iliyotupwa kule stoo, inaonyesha maandishi makali kuliko VR iliyoanza kuuzwa dola 499 mwaka 2023. Wengi hawaambiwi hili, ndio maana siku ya kwanza wakivaa wanasema mbona kuna ukungu, mbona YouTube ilikuwa inaonekana vizuri (ya YouTube ilirekodiwa ikaonyeshwa kwenye kioo cha simu yako bwana, lazima iwe kali).

Tuingie kokpiti. Geji ya ndege ndogo, mfano ya spidi, ina kipenyo cha karibu sentimita 8, na kutoka machoni kwa rubani mpaka dashibodi tuweke sentimita 70. Tarakimu za ndani yake tuseme zina urefu wa milimita 5. Kwa umbali huo milimita 5 ni kama digrii 0.4, kwa hiyo kwenye miwani ya PPD 20, kama Quest 3S au Quest 2 ya zamani, tarakimu moja inachorwa kwa pikseli 8 tu za kwenda juu. Kwenye Quest 3 zinakuwa 10. Kwenye miwani ya PPD 35, kama Pimax Crystal Light, ni 14. Inaonekana tofauti ndogo lakini jaribu kuchora tarakimu 6 na 8 kwenye karatasi ya miraba, moja kwa miraba 8 na nyingine kwa 14, utaona ipi inatambulika bila kubahatisha. Halafu kuna vile vidirisha vidogo, kama kile cha kuweka presha ya hewa kwenye altimita (geji ya urefu wa kwenda juu), ambavyo maandishi yake tuyape milimita 3. Hapo PPD 20 inakupa pikseli 5, na kwa pikseli 5 kutofautisha 1013 na 1018 ni bahati nasibu, utasogea mbele uangalie kwa karibu kisha urudi. Kwenye miwani ya Oculus ya majaribio ya 2013, ambayo kila jicho lilikuwa na pikseli 640 za upana tu, PPD ilikuwa kama 7, na hapo geji nzima ilikuwa doa lenye mshale.

Ila mshale nao una faida yake, na hapa ndipo aina ya ndege unayopenda inapoingia kwenye hesabu. Geji za zamani za mishale unazisoma kwa pembe ya mshale, huhitaji tarakimu, rubani akizoea anajua mshale ukielekea pale spidi iko sawa. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa Cessna 172 ya geji, au ndege za vita za zamani, PPD 20 inakutosha vizuri tu. Lakini kama unapenda Cessna yenye skrini za G1000, zile za kidijitali zinazowekwa badala ya geji, ambazo kila moja ni inchi 10.4 na pembeni zimejaa maandishi madogo ya injini na redio, au unaingia kwenye Airbus na ile kompyuta yake ya kuandikia ruti, hapo 20 utachoka nayo haraka, anza na 25 kwenda juu. Mimi ningemuuliza mtu anarusha nini kabla hata sijamuuliza ana shilingi ngapi.

Kuna mtu atauliza, kama monita ni kali zaidi VR ya nini sasa? Swali zuri. Rusha ndege kutoka Dar uende Zanzibar, uje kutua pale uwanja wa Abeid Amani Karume. Kwenye monita, ukiwa unapita sambamba na ranwei unatakiwa uiangalie iko kushoto au kulia kwako, unabonyeza kitufe kugeuza kamera, unapoteza mahali ulipokuwa, unarudisha, tayari umepitiliza. Kwenye VR unageuza shingo. Halafu kuna kina, macho mawili yanaona picha mbili tofauti kidogo kwa hiyo dashibodi inasimama karibu na bawa linakaa mbali kama bawa la kweli, na ukiwa chini kabisa unakaribia kugusa lami unahisi urefu uliobaki kwa namna ambayo monita bapa haikupi. Hilo halina PPD. Na sio mchezo wa watoto, mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, EASA, iliidhinisha kwa mara ya kwanza simuleta ya mafunzo inayotumia VR, ya helikopta ya Robinson R22, iliyotengenezwa Uswisi.

Turudi kwenye namba. PPD inayotangazwa huwa ni ya katikati ya lensi, na hapo ndipo lensi zinapotofautiana sana. Quest 3S ina lensi za Fresnel, zile zenye miduara miduara, ambazo katikati ni safi na ukitupa jicho pembeni picha inalainika, kwa hiyo kuangalia geji ya chini unalazimika kuinamisha kichwa kizima. Quest 3 ina lensi nyembamba za aina ya pankeki, safi karibu mpaka ukingoni, unatupa jicho tu. Kwenye simuleta kitendo hicho unakifanya muda wote, juu nje chini geji, juu nje chini geji, kwa hiyo kwangu mimi tofauti ya lensi kati ya hizo mbili ina uzito kuliko hata tofauti ya 20 na 25. Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 ikianzia dola 299, ni nzuri kwa bei yake, ila ujue unakata nini.

Halafu kompyuta, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Kwanza kwa wale wapya kabisa: Quest ina chipu yake na inajitegemea kwa michezo mingine, lakini simuleta kama Microsoft Flight Simulator, X-Plane 12 na DCS, ukitaka kuzirusha kwa Quest, zinahitaji PC, miwani inakuwa ni kioo tu cha kuvaa. Pili, PPD kubwa ni deni ambalo kadi ya grafiksi inalipa. Monita ya 1920 kwa 1080 ni pikseli milioni 2. Quest 3 macho mawili ni milioni 9, zaidi ya TV ya 4K. Crystal Light ni milioni 16 na nusu, mara mbili ya 4K. Na hizo zichorwe mara 72 au 90 kila sekunde, yaani kwa 90 kompyuta ina milisekunde 11 za kumaliza picha moja, na kwa sababu lensi zinapinda picha inabidi ichore kubwa zaidi ya kioo chenyewe ndio ikunjwe ikae sawa. Kadi ikishindwa unashusha rezolusheni ndani ya simuleta, na ukishusha tu, zile PPD 35 ulizolipia hazipo tena, umebaki na kioo kizuri kinachoonyesha picha ya 22. Ndio maana mtu mwenye kadi ya kati akinunua miwani ya 35 anaweza kuona vibaya kuliko jirani yake mwenye Quest 3, halafu anailaumu miwani.

Kuna ujanja wa kusaidia, programu inachora nusu ya fremu (zile picha za kila sekunde) na kubuni zilizobaki katikati, 45 zinaonekana 90. Kwenye ndege inayokwenda taratibu juu ya bahari hutaona shida, ukiangalia pangaboi au nyumba zinazopita karibu na dirisha utaona zinatetereka kama maji. Wengi tunaishi hivyo hivyo.

Njia ya kuunganisha nayo inakula ukali kimya kimya. Miwani za Quest zinapokea picha kama video iliyobanwa, iwe kwa waya wa USB-C au kwa waifai, na ikibanwa sana maandishi ya G1000 yanavunjika hata kama PPD iko pale pale, kwa hiyo ongeza bitreti (kiasi cha data ya video kwa sekunde) kwenye mipangilio kadiri kompyuta inavyovumilia. Miwani zinazochomekwa moja kwa moja kwenye kadi ya grafiksi kwa waya wa DisplayPort, kama monita, hazina shida hiyo. Ukitumia waifai, PC yenyewe iunganishwe na ruta kwa waya na ruta iwe ya 5 GHz, chumba kimoja na wewe. Na hapana, waifai ya namna hiyo haili bando, picha inazunguka ndani ya nyumba tu. Kinachokula bando ni Flight Simulator yenyewe inavyovuta ramani za dunia kutoka intaneti, na hiyo italiwa hata ukitumia monita.

Kitu kingine kinachoharibu PPD bila mtu kujua ni umbali kati ya mboni za macho, IPD. Watu wazima wengi wako karibu na milimita 63 lakini kuna wa 57 na wa 70. Quest 3S ina sehemu tatu tu za kuweka lensi, 58, 63 na 68, wakati Quest 3 ina gurudumu la kuzungusha kutoka 58 mpaka 71. Lensi zisipokaa mbele ya mboni zako huangalii katikati ya lensi, na ukali wote ulio katikati hupati. Fundi wa miwani ya macho anakupimia kwa dakika moja, kapime kabla ya kulipa. Wanaovaa miwani ya macho waagize lensi za kupachika ndani, maana kusuguana kwa vioo viwili kunakwaruza lensi ya VR na hiyo haibadilishwi kirahisi.

Mwisho, angalizo kwa wanaowinda miwani zilizokwisha tumika. HP Reverb G2 ya 2020, pikseli 2160 kwa 2160 kila jicho, ilikuwa kipenzi cha watu wa simuleta kwa sababu geji zilisomeka vizuri kwa bei ile, na leo inauzwa kwa bei ya kutupa. Namba zake bado nzuri. Tatizo ilikuwa inategemea Windows Mixed Reality, programu ya Microsoft ya kuendesha VR kwenye Windows, na Microsoft walitangaza Desemba 2023 kwamba wanaiacha, kisha wakaiondoa kabisa kwenye Windows 11 toleo la 24H2. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "inawaka", mwambie aiwashe kwenye kompyuta yako wewe, na toleo lako la Windows, kabla pesa haijatoka mfukoni.