Nyota akituhumiwa, nani anaamua acheze Jumamosi?

"Wakili, samahani kwa kukusumbua usiku huu." Ndivyo ilivyoanza sauti ya WhatsApp niliyotumiwa na katibu wa klabu moja hapa nchini, Alhamisi, saa nne na ushee usiku. Mchezaji wao alikuwa ameitwa polisi. Binti mmoja alikuwa amemlalamikia. Sauti ile ilikuwa ya dakika tatu, na binti alitajwa mara moja tu. Muda wote uliobaki ulikwenda kwenye Jumamosi: anacheza au hachezi?

Kazi yangu ni mikataba ya wachezaji. Niwe naiandika au naitwa ikishaharibika, swali la katibu yule nalifahamu. Wengi wanadhani klabu za Ulaya, kwa fedha zile na majopo yale ya mawakili, zimeshalipatia jibu. Hazijalipata. Uingereza, ambako mashabiki wetu wanakutazama kila wikiendi, kila klabu inaamua peke yake, na ukizifuatilia kesi moja baada ya nyingine utaona kinachoamua ni kalenda na daftari la hesabu.

Tuanze na Sunderland. Winga wao Adam Johnson alikamatwa Machi 2015 kwa tuhuma zinazohusu msichana wa miaka 15. Klabu ilimsimamisha, na kabla mwezi haujaisha ikamrudisha uwanjani. Aprili akafunguliwa mashtaka. Akaendelea kucheza. Oktoba aliwafunga Newcastle kwa penalti, na Februari 6, 2016 akafunga Anfield dhidi ya Liverpool. Siku nne baadaye alisimama mbele ya mahakama ya Bradford akakiri baadhi ya makosa, na kesho yake klabu ikavunja mkataba. Alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Kesi ilipokuwa ikisikilizwa ilijulikana kwamba mtendaji mkuu, Margaret Byrne, alikuwa na nakala za mahojiano ya polisi na jumbe alizotumiana mchezaji na msichana tangu Mei 2015. Alijiuzulu Machi 2016.

Huwa nawasomesha viongozi kesi hii kwa sababu moja. Utetezi wa klabu ulikuwa kwamba mchezaji angeyakana mashtaka yote, hivyo ikasubiri sheria ifuate mkondo wake. Lakini kusubiri mahakama ni jambo moja, na kumpanga kikosini huku unazo jumbe mezani ni jambo jingine kabisa. Mahakama inatafuta uthibitisho usioacha shaka. Mwajiri hahitaji kufika huko ili aseme: kwa sasa, pumzika.

Tangu hapo klabu nyingi za Uingereza zimejiwekea mstari ambao haukuandikwa popote: akikamatwa tu, tunanyamaza, akifunguliwa mashtaka, tunamsimamisha. Benjamin Mendy wa Manchester City alikuwa ameshakamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Agosti 15, 2021 alianza mechi dhidi ya Tottenham. Agosti 26 akafunguliwa mashtaka, na siku hiyohiyo klabu ikamsimamisha. Kati ya kukamatwa na mashtaka inaweza kupita miaka, na miaka hiyo mpira unachezwa.

Ukimya huo nao una sheria nyuma yake. Februari 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, katika kesi ya shirika la habari la Bloomberg na mfanyabiashara mmoja, kwamba mtu anayechunguzwa ana haki ya faragha hadi atakapofunguliwa mashtaka. Mlalamikaji wa kosa la kingono naye analindwa jina lake maisha yote. Kwa hiyo ukisoma gazetini "mchezaji mmoja wa Ligi Kuu amekamatwa," mhariri hajamwogopa mtu, ameogopa kudaiwa fidia. Mimi naiunga mkono hukumu ile. Tatizo ni pale klabu, inayolijua jina, inapojificha ndani ya faragha ambayo haikuwekwa kwa ajili yake.

Tazama kalenda ya Thomas Partey. Mkataba wake na Arsenal uliisha Juni 30, 2025. Julai 4 akashtakiwa kwa makosa matano ya kubaka na moja la shambulio la kingono. Uchunguzi ulikuwa umeanza 2022, na misimu yote hiyo alikuwa anacheza. Yeye amekana mashtaka yote, na Agosti alisajiliwa Villarreal, Hispania. Hatia yake si yangu kuipima. Ninachokiona ni kwamba mstari ule usioandikwa haukumgusa hata siku moja akiwa mwajiriwa wa Arsenal.

Sasa tuje kwenye mshahara, maana hapa ndipo viongozi wetu wanapoungua. City walipomsimamisha Mendy walimkatia malipo kuanzia Septemba 2021. Mshahara wake ulikuwa pauni 500,000 kwa mwezi. Hadi mkataba unaisha Juni 2023, deni likafika pauni milioni 11. Mahakama ilimwona hana hatia: makosa mengi Januari 2023, mawili yaliyobaki Julai mwaka huo. Akaenda baraza la ajira la Manchester kudai chake. Klabu ikajitetea kuwa hakuweza kufanya kazi, kwani alikuwa rumande, na alipotoka alibanwa na masharti ya dhamana na adhabu ya chama cha soka. Novemba 2024 jaji akaamua kwamba alistahili kulipwa, isipokuwa vipindi viwili, jumla kama miezi mitano, alipokuwa ndani. Muda mwingine alikuwa tayari kufanya kazi, akazuiwa na mambo yasiyotokana na hiari yake, na mkataba haukuwa na kipengele kinachoruhusu kumkatia.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho. Klabu tajiri kuliko karibu zote duniani haikuwa na kipengele.

Kwetu Tanzania hali ni ngumu zaidi kwa klabu, na wengi hawajui. Kifungu cha 37(5) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamzuia mwajiri kumwadhibu au kumfukuza mtu kwa jambo ambalo ameshtakiwa nalo kwa jinai, hadi kesi na rufaa zake ziishe. Unaweza kumsimamisha kupisha uchunguzi, lakini kwa mshahara kamili. Kwa hiyo wale wa "tumemtimua leoleo" wanaoshangiliwa Instagramu wanajichimbia kesi, na wale wa "tunasubiri mahakama, acheze tu" wanasema uongo, kwa sababu sheria haijawalazimisha kumpanga.

Daftari la hesabu nalo linasema. Mchezaji aliyenunuliwa, ada yake hugawanywa kwa miaka ya mkataba, kwa hiyo ukimwacha kuna thamani inayofutika. Mchezaji aliyekuzwa kwenye akademi hana gharama vitabuni. Ukimuuza, yote ni faida. Mason Greenwood alikuzwa Manchester United. Alikamatwa Januari 2022 baada ya picha na sauti kusambaa mtandaoni. Mashtaka, ambayo aliyakana, yalifutwa Februari 2023 baada ya mashahidi muhimu kujitoa na ushahidi mpya kujitokeza. Klabu ikafanya uchunguzi wake wa ndani kwa miezi sita. Agosti ikasema imeridhika kwamba hakutenda makosa yale, na hapohapo ikatangaza kwamba ataondoka. Soma hayo mawili pamoja. Kama unaamini hana kosa, kwa nini aondoke? Kama huamini, kwa nini umtoe kwa mkopo Getafe, kisha 2024 umuuze Marseille kwa karibu pauni milioni 27? Nadhani jibu ni kwamba kelele za mashabiki na wafanyakazi zilimfungia mlango wa kurudi, na thamani yake ikazuia asiachwe bure. Klabu ilikuwa mwajiri, mpelelezi, hakimu na muuzaji kwa wakati mmoja.

Wadhamini huamua haraka kuliko wote. Santos walimsajili Robinho Oktoba 2020 ilhali mahakama ya Italia ilishamtia hatiani kwa ubakaji wa kundi mwaka 2017, na kesi ikiwa kwenye rufaa. Hukumu haikuwashtua, wadhamini walipotishia kuondoka ndipo mkataba ukasimamishwa, ndani ya wiki moja. Tangu Machi 2024 anatumikia kifungo cha miaka tisa nchini kwao Brazili.

Ligi Kuu ya Uingereza tangu msimu wa 2022/23 inawalazimisha wachezaji kuhudhuria mafunzo kuhusu ridhaa. Sawa. Lakini uamuzi wa nani acheze bado uko mikononi mwa mtu anayehitaji pointi tatu.

Katibu wangu nilimjibu usiku uleule: msimamishe kwa mshahara kamili, bila kutamka hatia, na mtafutie binti mtu wa kuongea naye ambaye si kiongozi wa klabu. Akaniuliza kama akitoa barua Jumatatu itakuwa imechelewa.

Siku hizi kila mkataba ninaoandika una kipengele cha namna hiyo: kusimamishwa kwa malipo, mtu wa nje wa kupitia jambo ndani ya siku saba, na namba ya simu ya mlalamikaji kupigia ambayo haipokelewi ofisini kwa klabu. Malipo wanayakubali bila ubishi. Rasimu ikirudi kwangu, huwa mtu wa nje amekatwa kwa kalamu na pembeni pameandikwa: mwenyekiti.