Ridhaa ya mzazi: mama anapotia saini, anakubali nini hasa?

Fomu ya hospitali anayosaini mzazi kabla mtoto hajatibiwa imeandikwa "ridhaa", ila neno hilo halimkai mzazi sawasawa. Ridhaa ni ndugu wa radhi na kuridhia: moyo umetulia juu ya jambo, na moyo wenyewe ni wa mwenye mwili. Huwezi kuridhia kwa moyo wa mwenzako, hata kama ulimzaa. Ndiyo maana mwaka 1995 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitenganisha mambo mawili: mgonjwa mwenyewe hutoa ridhaa, mzazi hutoa idhini. Kiswahili kina maneno yote mawili tangu zamani, basi tu tunayachanganya.

Tofauti hiyo ina uzito wodini. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa dawa ya kumponya, akaeleza sababu au asieleze, na kwa kawaida daktari hana la kufanya. Mama hana uhuru huo juu ya mwanawe. Alichoshika ni amana, na kinachopimia amana hiyo ni maslahi ya mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 umeliweka hilo katika kifungu cha 3.

Tuseme mtoto ana homa kali, shingo imekakamaa, degedege limemwachia sasa hivi. Daktari anashuku homa ya uti wa mgongo, anataka kutoa maji ya mgongoni yakapimwe. Mama anakataa, kwa sababu amesikia sindano ile hupoozesha. Hapo wako wahudumu wanaoandika "mzazi amekataa" na kwenda kitanda kinachofuata. Kumbe hajaelezwa kitu! Sindano huchomwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wa neva umeshaishia, na maji yanayochukuliwa ni kidogo tu. Bila kipimo, antibayotiki zinaweza kuanza saa hiyo hiyo, ila daktari atatibu kwa kukisia, bila kujua ni kimelea gani na dawa iende siku ngapi. Akisikia hayo yote na bado akasema hapana, amekataa kipimo. Tiba hajaikataa, na mtoto asikose dawa kwa sababu hiyo.

Kabla ya kalamu, basi, mama anapaswa kujua ugonjwa unaoshukiwa, kinachotaka kufanywa, faida na hatari zake, kama ipo njia nyingine, na nini kitatokea wakiacha. Njia rahisi ya kujua kama ameelewa ni kumwomba aeleze kwa maneno yake. Akishindwa, kosa ni la aliyeeleza.

Dharura haisubiri saini: mtoto anayevuja damu hadi kufa hutibiwa kwanza. Na mzazi akikataa tiba ambayo bila hiyo mtoto atakufa au kupata ulemavu mkubwa, mfano uliozoeleka ukiwa kuongezewa damu, katika nchi nyingi hospitali inaweza kwenda mahakamani.

Palipo pagumu zaidi ni pale ambapo tiba yenyewe haiponyi tena. Swali ninalolichukia ni lile la "mama, unataka tufanye kila kitu?" Nani atajibu hapana? Linamtwika peke yake mzigo ambao daktari naye alipaswa kuubeba. Afadhali daktari aseme wazi: mashine hii itarefusha maumivu bila kumrudisha, mimi napendekeza tumtulize maumivu, wewe unaonaje? Hapo mama anaweza kutoa idhini huku ridhaa hana, na sidhani kama kuna wa kumdai ridhaa hiyo.

Na mtoto mwenyewe? Kifungu cha 12 cha mkataba ule ule kinampa haki ya kusikilizwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 1985, mahakama yake ya juu ilipoamua kwamba aliye chini ya miaka 16 anaweza kuridhia tiba mwenyewe iwapo anaielewa vya kutosha. Kwa wa miaka saba mambo ni madogo kuliko hayo. Kama sindano ni lazima, usimuulize "nikuchome?" ilhali hapana yake haitahesabiwa. Mwambie itachomwa, itauma kidogo, kisha muulize mkono upi.