Mguu umeteguka au umevunjika? Usiuchue kwanza

Dokta, shikamoo. Jana nilishuka daladala Mbagala Rangi Tatu nikakanyaga ukingo wa mtaro, mguu ukajipinda kwa ndani. Leo kifundo kimevimba kama andazi. Mama mkwe anataka kunichua kwa maji ya moto na chumvi. Nikubali?

Marahaba, na pole sana. Mwombe mama, kwa heshima zote, asubiri. Mguu ukijipinda hivyo, kano za upande wa nje, zile kamba ngumu zinazoshikanisha mfupa na mfupa, huvutika au kuchanika, na damu huvujia ndani. Maji ya moto huongeza uvimbe, na kuchua huzidi kuumiza kilichokwisha chanika. Na kama mfupa una ufa, mikono inayokandamiza inaweza kuuhamisha mfupa uliokuwa umetulia mahali pake. Siku 3 za mwanzo usiukande kwa moto, usiuchue, na usinywe pombe.

Nitajuaje kama umeteguka tu au umevunjika?

Usipime kwa uvimbe, kwa maana kano iliyochanika inaweza kuvimba kuliko mfupa wenye ufa. Mlio wa "ko!" nao hutokea kwa vyote viwili.

Madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha mwaka 1992 kipimo cha vidole na hatua tu. Nakipenda kwa sababu hakihitaji mashine. Kaa kitini, ushike zile nundu mbili za kifundo, ya nje na ya ndani. Kwa ncha ya kidole bonyeza ukingo wa nyuma wa kila nundu, kuanzia chini kabisa ukipanda kama sentimita 6. Kisha fuata ukingo wa nje wa unyayo: katikati ya kisigino na kidole kidogo utagusa kinundu, kibonyeze. Malizia na mfupa ulio juu ya upinde wa unyayo, upande wa ndani. Maumivu yakiwa kwenye mfupa wenyewe, siyo kwenye nyama laini iliyo mbele ya nundu ya nje, nenda ukapigwe eksirei.

Halafu simama, tembea hatua 4. Kuchechemea si neno. Kama ulishindwa pale pale ulipoumia, na sasa pia huwezi, ni eksirei.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asitegemee kipimo hiki. Aende tu.

Lakini mimi natembea. Si maana yake haujavunjika?

Hapana. Mfupa mwembamba wa nje hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili, hivyo mtu anaweza kuutembelea ukiwa na ufa. Ndiyo maana kubonyeza kunatangulia.

Na mtoto wa miaka 10?

Mpeleke. Sehemu ya mfupa inayokua ni dhaifu kuliko kano zake.

Niende wapi, na kwa usafiri gani?

Kituo chochote chenye eksirei, au hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala. Wakiona mfupa unahitaji upasuaji wanaweza kukupa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili. Mguu uliopinda, mfupa uliotokeza, vidole vya baridi au vyenye ganzi: ondoka saa hiyo hiyo. Usipande bodaboda mguu ukining'inia. Kunja boksi gumu la katoni, lizungushe mguuni, lifunge kwa kanga, upande bajaji.

Eksirei inaonyesha haujavunjika. Nijitibu vipi?

Nunua barafu kwa muuza samaki, uifunge kwenye kanga, uweke dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa 2 au 3, kwa siku 2 za mwanzo. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole ukipanda. Vidole vikifa ganzi, legeza. Lala mguu ukiwa juu ya mito 2. Paracetamol inatosha wengi.

Maumivu yakipungua, usiendelee kulala. Chora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Ukishaweza kuukanyagia, simama kwa mguu huo mmoja sekunde 30 kila unapopiga mswaki. Zoezi hili wengi huliacha, na ndio ninaowaona tena wameteguka mguu ule ule.

Nirudi lini uwanjani?

Jeraha dogo, wiki 2 hivi. Kano iliyochanika, wiki 6 au zaidi. Ruka kwa mguu huo peke yake mara 10, kisha kimbia ukikata kona. Ukiuma, subiri wiki nyingine ujaribu tena.