Baridi ya Julai na usingizi: maswali ya wakazi wa Nairobi

Tuko karibu na ikweta. Mbona usiku kuna baridi hivi?

Ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hulifunika jua hata mchana. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na nyumba zetu, za mawe kwa za mabati, hazina mtambo wa kuzipasha moto.

Baridi ya chumbani inaharibu usingizi?

Ikiwa ya wastani, inausaidia. Mtu anaposinzia, joto la ndani ya mwili wake hupungua kidogo, na hewa yenye ubaridi huharakisha jambo hilo. Anayekesha ni yule ambaye miguu yake imekuwa barafu. Kwa hiyo shughulikia kitanda na mwili, chumba kiache. Vaa soksi kavu, si zile ulizoshinda nazo kutwa: miguu ikipata joto, mishipa ya damu hutanuka na usingizi huja upesi. Kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala hufanya kazi hiyo hiyo.

Najifunika blanketi tatu na bado natetemeka.

Tazama chini yako. Godoro likilala juu ya saruji, sakafu hunyonya joto usiku kucha hata ujifunike nini. Kama huna kitanda, tandika mkeka na maboksi yaliyokunjuliwa, kisha moja ya blanketi hizo uilalie. Shuka ya Kimaasai ikiwa karibu na mwili na blanketi zito juu yake hunasa hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Blanketi la mtumba kutoka Gikomba halina neno, mradi ulifue na kulianika kwanza.

Je, nikiingiza jiko la makaa kwa muda tu, makaa yakiwa yameshakolea?

Hapana. Hapa sina lugha ya kubembeleza, maana kila msimu wa baridi kuna watu wanaolala na jiko wasiamke. Wengi hudhani hatari ni moshi, hivyo wakiona makaa mekundu yasiyofuka hutulia. Makaa hayo bado hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, na aliyekwisha lala hazihisi. Kuyafunika makaa kwa majivu hakuizuii gesi, na dirisha lililofunguliwa kidogo si kinga ya kutegemea. Pika, kisha jiko lilale nje. Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje penye hewa safi mara moja na upige 999 au 112.

Basi nizibe matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha?

Ondoa hayo matambara. Pumzi za watu wanne katika chumba kimoja huloweka kuta, kuvu huota, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuteseka. Sogeza kitanda mbali na dirisha, na uzibe upenyo wa chini ya mlango ukitaka.

Mtoto wangu ana miezi minne. Nimfunike vipi?

Mvishe nguo za tabaka, moja zaidi ya unazovaa wewe, na alale chali. Blanketi zito lisilobana na mto visikae kitandani kwake kabla hajatimiza mwaka, kwani vinaweza kumziba pua. Boshori nalo mvue akilala. Mguse kifua au shingo kujua kama ana joto; mikono ya watoto huwa baridi hata wakiwa sawa.

Na chupa ya mpira ya maji ya moto?

Nzuri, hasa kwa wazee. Maji yasiwe yanayochemka, uivike kitambaa, na uitoe kabla ya kulala. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asiiweke miguuni kabisa, ataungua bila kuhisi.

Kidogo cha pombe je?

Utahisi joto kwa sababu damu imekimbilia kwenye ngozi, na huko ndiko joto la mwili linakopotelea. Kunywa uji.