Je, Wajua Kwa Nini Runinga ya Chumbani Hung'oka Ukutani Ndani ya Motohomu?

Chukua runinga nyembamba ya inchi 32. Uzito wake ni kama kilo 5. Ifunge ukutani sebuleni nyumbani kwa braketi na skrubu nne, nayo itakaa hapo miaka kumi bila mtu kuikumbuka. Sasa chukua runinga hiyohiyo na braketi hiyohiyo, uifunge kwenye chumba cha kulala cha motohomu, yale magari makubwa ya Marekani yenye kitanda, jiko na choo ndani, kisha liendeshe kutoka Chicago hadi Denver, kilomita zipatazo 1,600. Ukifika unaweza kukuta skrubu za juu zimechomoza, braketi imeinama, au runinga imelala kitandani kioo kikiwa na ufa.

Jibu linalokuja haraka ni uzito. Mimi nami nilikuwa nalitoa jibu hilo, tena kwa uhakika wote. Jamaa yangu anayeishi huko aliponieleza kuwa runinga yake imeng'oka, nilimshauri anunue nyepesi zaidi na skrubu nene zaidi. Akafanya yote mawili. Safari iliyofuata ikang'oka tena.

Kosa lenyewe linafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu karibu kila mtu hulifanya. Kumbuka runinga za chogo, zile nene za zamani. Motohomu za miaka ya 1990 zilikuwa nazo hadi chumbani, zimewekwa juu kwenye kona ya kabati mbele ya kitanda, na nyingine zilizidi kilo 20. Zilizunguka Marekani nzima humo kabatini. Zilipopitwa na wakati, wenye magari wakazitoa, wakaziba tundu kwa ubao, wakafunga runinga nyembamba, kioo cha kilo 5, kwenye mkono wa chuma unaokunjuka. Hicho chepesi ndicho kikaanza kung'oka. Kama uzito ungekuwa ndio sababu, chogo la kilo 20 lingetangulia kuanguka.

Tofauti ni jinsi vitu hivi viwili vilivyoshikwa. Chogo lilikalia rafu, na mbao za kabati zililibana pande zote. Kioo cha kisasa kinaning'inia mwishoni mwa mkono. Shika ndoo ya maji ukiwa umeibana kifuani, kisha ishike ndoo hiyohiyo huku umenyoosha mkono mbele. Maji hayajaongezeka hata tone, ila bega litakuambia habari nyingine. Mkono wa braketi ukikunjuliwa sentimita 50 kutoka ukutani, kilo zile 5 huzidishwa kwa 50, kisha hugawanywa kwa urefu wa bamba la braketi linaloshikwa na skrubu, tuseme sentimita 15. Skrubu za juu zinavutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 17. Ukunje mkono mpaka kioo kibaki sentimita 6 tu kutoka ukutani, na nguvu hiyo inashuka hadi kilo 2.

Hapo wengi huishia, wakidhani wamepata jibu. Lakini skrubu mbili zilizoshika ubao mzuri hazisumbuliwi na kilo 17. Sebuleni zinabeba mzigo huo usiku na mchana. Kuna jambo la pili, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi.

Aliyewahi kufunga mbuzi malishoni analijua. Kigingi kilichopigwa vizuri ardhini hakitoki kwa kuvutwa. Mbuzi anaweza kukivuta kutwa nzima. Ukitaka kukitoa, unakisukuma huku na huku. Mara ya kwanza hakisogei. Mara ya tano unaona uwazi mwembamba kati yake na udongo. Mara ya ishirini tundu limekuwa pana kuliko kigingi, nacho kinatoka kwa vidole viwili. Hukuongeza nguvu wakati wowote. Ulirudia tu, na kila marudio yakayapa yanayofuata nafasi kubwa kidogo ya kukisogeza.

Skrubu ndani ya ukuta unaotikisika ni kigingi hicho. Gari linaporuka, kioo hushuka na mkono hulivuta bamba sehemu ya juu. Gari linapotua, kioo hupanda na bamba hurudi ukutani. Meno ya skrubu yanasugua kingo za tundu, nyuzi za mbao zinapondeka kidogo, na tundu linapanuka kwa unene usioonekana kwa macho. Skrubu ikishapata nafasi ya kucheza, haivutwi tena taratibu, bali inagongwa. Ndiyo maana wenye magari husimulia kwamba braketi "ilikuwa nzima asubuhi" na jioni imening'inia. Uharibifu ulianza maelfu ya mitikisiko nyuma. Siku ile ndipo ulipofika mwisho.

Kuhusu ukuta wenyewe nitasema machache. Kwenye motohomu nyingi za sasa, ukuta ni mkate wa tabaka: ngozi ya fiberiglasi nje, plaiwudi nyembamba, stairofomu, lile povu jepesi, katikati pamoja na mabomba ya alumini ya fremu, kisha plaiwudi nyingine nyembamba kwa ndani, ya unene wa milimita 3 hivi. Vyote vimegandishwa kwa gundi. Skrubu ikikosa bomba la alumini, meno yanayoshika mbao ni mawili kwa bahati, mara nyingi moja. Mengine yote yamezama kwenye stairofomu, ambayo haishiki chochote. Watengenezaji wengine huficha bamba la chuma au ubao mnene mahali palipokusudiwa runinga, kwa hiyo gari moja huweza kutofautiana sana na jingine lililoegeshwa kando yake. Kugonga ukuta kwa kidole na kusikiliza mlio ni mwanzo mzuri. Sumaku haitaona alumini.

Kwa nini basi chumbani, wakati runinga ya sebule ya gari, kule mbele karibu na dereva, mara nyingi husalimika? Msomaji aliyewahi kukaa siti ya nyuma kabisa ya basi la mkoani ana jibu mwilini mwake. Dereva akipita tuta, abiria wa katikati anayumba kidogo, wa nyuma anarushwa hadi kichwa kinakaribia dari. Mwili wa basi unaozidi ekseli ya nyuma ni mkia, na mkia unapigwa zaidi. Katika motohomu nyingi kubwa, kitanda kiko hukohuko mkiani.

Halafu kuna mdundo. Mchukuzi wa maji mwenye mzega begani, ndoo moja mbele na nyingine nyuma, anajua kwamba ule mti una mwendo wake. Akitembea kwa hatua zinazolingana na mwendo huo, ndoo huruka juu na chini mpaka maji yanamwagika. Akibadilisha hatua, zinatulia. Mkono wa braketi wenye kioo mwishoni ni mzega wa upande mmoja. Ukikunjuliwa na kuinama kama milimita 8 kwa uzito wa kioo, mwendo wake wa asili unakuwa kama mara 5 na nusu kwa sekunde.

Barabara nyingi za zege Marekani zina viungo kila baada ya mita 4 na nusu hivi. Kwa kilomita 90 kwa saa gari hupita mita 25 kila sekunde, yaani viungo 5 na nusu. Barabara inampa mchukuzi hatua ileile inayorusha ndoo! Ukunje mkono huo mpaka kuinama kubaki milimita 1, na mwendo wake wa asili unapanda hadi mara 16 hivi kwa sekunde, mbali na mdundo wa viungo. Hesabu hizi ni za kukadiria. Springi za gari na matairi hupunguza sehemu ya pigo, na mkono wenye viungo vilivyolegea hauchezi kama springi safi. Kinachobaki ni kwamba kuukunja mkono kuna faida mbili kwa pamoja: unapunguza mvuto kwenye skrubu, na unautoa mkono kwenye mdundo wa barabara.

Ukilijua hilo, unaona kwa nini ushauri wangu wa mwanzo haukusaidia kitu. Skrubu nene ndani ya plaiwudi ya milimita 3 bado ina jino moja au mawili, na tundu lake ni kubwa zaidi. Skrubu ndefu ni mbaya kuliko hiyo. Ukuta mzima una unene wa kama sentimita 4 au 5, na ncha ikitokeza nje, mvua itaingia, gundi itaachia, na fiberiglasi itavimba kama chapati. Ndani humo pia hupita nyaya za volti 12 na za volti 120. Fisha za plastiki, zile za kuta za saruji, hutegemea ukuta mgumu wa kuzibana, na stairofomu haiwezi kuzibana.

Kinachofaa ni ubao. Plaiwudi ya milimita 18, pana kiasi cha kufikia mabomba mawili ya fremu au nguzo za kabati, inafungwa kwanza kwenye fremu hiyo, kisha braketi inafungwa kwenye ubao. Unene unayapa meno ya skrubu mahali pa kung'ata. Urefu nao unafanya kazi isiyoonekana: ubao ukishikwa juu na chini kwa umbali wa sentimita 45 badala ya zile 15 za bamba, zile kilo 17 zinazovuta ukuta zinashuka kuwa chini ya 6. Nyuma ya ubao pakifikika, kwa mfano ndani ya kabati, bolti yenye washa pana (kile kipete bapa cha chuma) na nati ya kujifunga ni bora kuliko skrubu yoyote, kwa sababu haitegemei meno kwenye mbao hata kidogo.

Baada ya hapo, ondoa mtikisiko. Kuna braketi zenye kifungo cha kuuzuia mkono safarini, na hizo zinastahili bei yake. Ila kifungo huzuia mkono usikunjuke tu. Kioo chenyewe bado huweza kutingishika kwenye shingo yake. Kipande cha sponji ngumu kati ya ukingo wa chini wa runinga na ukuta, pamoja na mkanda unaoivuta runinga iegemee sponji hiyo, humaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Ibane ili isigongegonge, lakini mkanda usipite juu ya kioo. Anayesafiri mara mbili kwa mwaka anaweza kuishusha na kuilaza kitandani juu ya blanketi.

Usisahau skrubu za mgongoni mwa runinga yenyewe, zile nne zinazoishikilia kwenye braketi. Kwa vioo vidogo huwa ni za milimita 4, kwenye matundu yaliyopangwa mraba wa milimita 75 au 100. Nazo hulegea kwa mtikisiko. Tone la gundi ya nati, ile isiyo kali sana, inayofunguka kwa bisibisi, huzituliza pale zinapoingia kwenye chuma.

Ukimaliza, chukua kalamu ya wino, uchore mstari mmoja kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye bamba, na mwingine kuzunguka bamba zima ukutani. Endesha siku ya kwanza, simama, uwashe tochi. Mstari wa kichwani ukikatika, skrubu imezunguka. Ule wa ukutani ukionyesha uwazi sehemu ya juu, tundu limeshaanza kupanuka, na ubao unahitaji kufunguliwa na kufungwa upya kabla hujaendelea na safari.